Vidole, mkia wa njiwa, ulimi au pini: jigi ipi itakupa droo zinazofanana?

Droo moja haihitaji jigi. Unapima, unachora, unakata kwa msumeno wa mkono, unachonga kwa patasi mpaka pembe zikubali, na ikishaingia kwenye kabati hakuna atakayejua ulihangaika kiasi gani. Mambo hubadilika kabati linapodai droo sita. Hapo zote sita lazima ziwe na upana mmoja na pembe za mraba, kwa sababu reli zinazobeba droo hazina huruma. Reli za pembeni za gololi, zile zinazotumika sana, zinataka nafasi ya milimita 12.7 kila upande. Uwazi wa kabati ukiwa milimita 450, boksi la droo linatakiwa kuwa na upana wa 424.6. Likizidi milimita moja linabana. Likipungua mbili, reli inavutwa upande na droo inaanza kukwaruza. Droo sita zina pembe ishirini na nne, na jicho haliwezi kulenga sawasawa mara ishirini na nne mfululizo.

Jigi ninayoizungumzia ni kifaa unachojitengenezea karakanani ili ubao wa ishirini ukae palepale ulipokaa ubao wa kwanza. Kukata kunafanywa na msumeno, ruta (mashine inayochonga kwa kisu kinachozunguka kiitwacho biti) au drili. Jigi inakuondolea uamuzi wa wapi pa kukata, basi.

Mafundi wengi ukiwauliza jigi ipi ni bora watakutajia kiungo, yaani namna ya kuunga mbao mbili kwenye pembe, wanachokipenda kwa macho. Wengine watakutajia nguvu. Mimi baada ya kutengeneza na kutupa jigi kadhaa nimeanza kuchagua kwa swali tofauti: jigi hii inasamehe kosa lipi, na lipi haisamehe kabisa? Kila karakana ina kosa lake la kudumu. Kuna yenye mbao zisizolingana unene, kuna yenye msumeno wenye mtikisiko, na kuna yenye fundi mwenye haraka. Ukichagua jigi inayosamehe kosa lako utafanya kazi kwa amani. Ukichagua isiyolisamehe, utashinda unapiga msasa.

Nguvu niiweke kando mapema. Kwa droo ya nguo, ya vijiko au ya karatasi, viungo vyote vinne nitakavyovilinganisha vinatosha, mradi gundi imepakwa ipasavyo na pembe zimebanwa hadi zikakauka. Nguvu inakuwa hoja kwenye droo za zana nzito na kwenye droo zinazovutwa kwa nguvu kila siku. Huko nitarudi.

Vidole

Kiungo cha vidole ni kile ambacho ncha za mbao mbili zimekatwa mapengo yanayopishana, zikaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Jigi yake ndiyo inayopendwa kutengenezwa kwanza, na ni rahisi kuieleza. Unachukua ubao mnyoofu, unaufunga kwenye geji ya pembe ya msumeno wa meza (kile kipande kinachoteleza mezani kikisukuma ubao), unakata pengo moja, kisha unagongomea kigingi kidogo cha mbao ngumu pembeni mwa pengo hilo. Upana wa kigingi ni sawa na upana wa mkato, na umbali kati ya kigingi na mkato ni uleule. Ubao wa droo unakaa wima ukigusa kigingi, unakata. Pengo ulilokata unalivika juu ya kigingi, unakata tena. Unaendelea hivyo mpaka mwisho wa ubao. Ruta iliyofungwa chini ya meza nayo inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa biti nyoofu ya milimita 6.

Kuna jambo linalosemwa sana kuhusu jigi hii ambalo si sahihi, nami niliamini kwa muda mrefu: kwamba ukikosea nafasi ya kigingi kwa sehemu ndogo ya milimita, kosa litaongezeka kidole kwa kidole hadi mwisho mbao mbili zisikutane. Fikiria vizuri. Mbao zote mbili zinakatwa kwa hatua ileile. Hatua ikiwa ndefu kidogo, ni ndefu kwa zote mbili, na vidole vinaendelea kutazamana na mapengo yake mpaka mwisho. Kinachotokea ni kwamba kila kidole kinakuwa kinene kuliko pengo lake kwa kiasi kilekile, labda milimita 0.1. Kidole kimoja kinene kwa kiasi hicho kingeingia kwa kusukumwa. Kumi na saba kwa pamoja vinagoma, na ukivilazimisha kwa nyundo ubao unapasuka.

Kosa linalojumlika kweli ni ulegevu wa pengo juu ya kigingi. Pengo likiwa pana kuliko kigingi kwa milimita 0.1, na wewe ubao wa kwanza umeusukumia kulia huku wa pili ukiuachia uende kushoto, kila hatua inaongeza tofauti. Baada ya hatua nane unaweza kuwa na karibu milimita 0.8, na hapo hakuna gundi itakayokuokoa. Dawa yake ni kigingi kinachokaa bila mchezo, na mazoea ya kusukuma ubao upande mmoja tu kila mara, wa kwanza hadi wa mwisho.

Kurekebisha mkazo ni kazi ya karatasi. Ubao wa jigi usiufunge moja kwa moja. Ufunge kwa skrubu mbili kwenye matundu marefu ili uweze kusogea. Weka kizuizi pembeni yake kwa klampu, kisha chomeka au toa vipande vya karatasi ya kawaida ya kuandikia kati ya kizuizi na ubao. Karatasi moja ina unene wa takriban milimita 0.1. Kiungo kikibana, sogeza kigingi kuelekea kwenye diski ya msumeno kwa karatasi moja. Kikilegea, kisogeze mbali. Kiungo kizuri kinaingia kwa kusukumwa na viganja, kikigongwa kidogo mwishoni. Usikiache kibane zaidi ya hapo, maana gundi nyeupe ya mbao ina maji, na nyuzi zikinywa maji zinavimba.

Kinachochosha ni hesabu ya mipito, yaani mara unazopitisha ubao kwenye diski. Chukua ubavu wa droo wenye kimo cha milimita 102 na vidole vya milimita 6. Ncha inayoanza na kidole ina mikato minane, inayoanza na pengo ina tisa. Droo moja ina ncha nne za kila aina, kwa hiyo ni mikato 68. Droo sita ni 408. Unaweza kuzibana mbao mbili pamoja na kupunguza hesabu hiyo kwa nusu, lakini bado ni kazi ya asubuhi nzima, na akili iliyochoka ndiyo inayosahau kuvika pengo juu ya kigingi. Kwa diski ya kawaida yenye mkato wa milimita 3.2 na bila seti ya diski pana, idadi inakaribia maradufu.

Angalia pia meno ya diski. Diski nyingi zina meno yaliyochongwa mshazari, moja kulia na moja kushoto, na huacha pembe mbili zenye ncha kwenye sakafu ya pengo. Haziharibu nguvu, lakini ukitazama pembeni ya droo utaona vitundu vidogo vyeusi. Ukitaka sakafu bapa, tafuta diski yenye meno bapa.

Kisa kimoja kutoka kazini kwangu. Niliwahi kukata droo nne, zikakaa vizuri sana, jigi nikaitundika ukutani. Miezi michache baadaye nikaichukua tena kwa droo nyingine za kabati lilelile, nikakata zote bila kufanya jaribio, na zote zikalegea. Diski ilikuwa imerudi kutoka kunolewa. Meno ya diski yakinolewa hupungua upana kidogo, mkato unakuwa mwembamba, na jigi iliyotengenezwa kufuata mkato wa zamani haijui habari hiyo. Nilishangaa kwanza kwa nini vidole vimelegea wakati pengo limepungua, mpaka nikagundua kuwa siku hiyo nilikuwa nimebadilisha kigingi pia, nikakiweka karibu mno na diski. Mabadiliko mawili kwa mpigo, bila kipande cha majaribio hata kimoja. Zile mbao ziligeuka visanduku vya misumari.

Kwa hiyo jigi ya vidole inasamehe unene wa mbao unaotofautiana, kwa sababu unakata mapengo yenye kina kilichozidi unene kidogo, halafu unasawazisha ncha kwa randa. Haisamehe haraka, wala haisamehe kubadilisha diski.

Mkia wa njiwa

Hiki ndicho kiungo ambacho watu hufungua droo ili kukitazama. Mkia umepanuka kwenye ncha, umeingia kwenye tundu lililobanwa mdomoni, na hata gundi ikifa uso wa droo hautachomoka kwa kuvutwa. Faida hiyo ni ya kweli, na kati ya viungo hivi vinne ni hiki pekee kinachoshindana na mvuto kwa umbo lake. Kwa droo nzito inayofunguliwa mara nyingi kwa siku, sina ubishi nacho.

Kwa kazi ya mfululizo, jigi yake ni kitana: bamba lenye meno yanayoongoza kola ya ruta, ile pete iliyozunguka biti. Ubavu wa droo unabanwa wima mbele ya jigi, uso unalazwa juu, na ruta yenye biti ya mkia wa njiwa inapita kati ya meno ikikata mbao zote mbili kwa mpito mmoja. Zimepishana kwa nusu ya hatua ya kitana (hatua ni umbali kutoka jino hadi jino), ndiyo maana mkia wa huu unakutana na tundu la ule. Mkato huu hauonekani kwa mbele, kwa sababu tundu halitoboi unene wote wa uso. Uso wa milimita 18 na mbavu za 12 ni mchanganyiko unaokaa vizuri.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi mkazo unavyorekebishwa kwa kitu kimoja, yaani kina cha biti. Ukiongeza kina, mkia unapanuka na kiungo kinakaza. Ukipunguza, kinalegea. Kwa biti ya nyuzi 14, kuongeza kina kwa nusu milimita kunakaza kiungo kwa karibu robo milimita, kwa hiyo una udhibiti mzuri kuliko unavyofikiri. Mikia ikizama ndani ya tundu au ikichomoza, hiyo si kazi ya biti. Ni kitana kinachopaswa kusogezwa mbele au nyuma. Usichanganye marekebisho hayo mawili. Kwanza mkazo, ukiridhika ndipo usawa wa nje.

Je, ujitengenezee kitana? Inawezekana. Ukiwa na jigi nzuri ya vidole, unaweza kukata kitana cha plaiwudi ngumu kwa hatua sawa. Lakini ushauri wangu ni kununua kitana cha chuma au cha plastiki ngumu na kujitengenezea mwili unaokishika, yaani boriti, klampu na vizuizi vya pembeni. Kitana cha mbao huliwa na kola taratibu, hasa kwenye ncha za meno ambako ruta inageuka, na likishaliwa jino moja kila droo itabeba alama ya jino hilo. Mwili wa jigi hauliwi hivyo, na ndiko ufundi wako utakakoonekana: vizuizi vya kushoto na kulia vikiwa na tofauti ya milimita moja, nusu ya pembe zako zitapishana kimo.

Mtu anayeanza atachanganya pande, na hilo halikwepeki kwa kumbukumbu. Ubao unapokuwa kwenye jigi, sura yake ya ndani ndiyo inayokutazama, na pembe za kushoto zinakatwa upande mmoja wa jigi, za kulia upande mwingine. Andika kwa penseli kwenye kila ubao: *ndani*, *chini*, na namba ya pembe. Jambo la pili ni hili: usiinue ruta kabla haijasimama kabisa. Biti ya mkia wa njiwa ni pana chini kuliko juu, na ukiinyanyua ikizunguka itachana mkia na kitana kwa pamoja. Zima, subiri ukimya, vuta nje kwa usawa.

Kimo cha droo nacho kinaamuliwa na kitana. Ukitaka droo iishe kwa nusu ya jino juu na chini, kimo chake kiwe zidisho la hatua. Kwa kitana chenye hatua ya milimita 22.2, kimo kinakuwa 88.8, 111 au 133.2. Mteja akitaka droo ya kimo cha 100 kamili, upande mmoja utaishia na kipande cha ajabu.

Jigi hii inasamehe mkono usio na uzoefu wa kupima, kwa sababu nafasi zote ziko kwenye kitana. Haisamehe unene wa mbavu unaobadilika: ubavu ukipungua nusu milimita, mkia unazama kwa nusu milimita hiyohiyo. Wala haisamehe ubao uliopinda, kwa sababu usipogusa kitana wote kina kitatofautiana, na tumeshaona kina kinafanya nini.

Ulimi na mfuo

Sasa hiki ndicho ninachokitumia mimi, na sitajifanya sina upande.

Mbavu za droo zinakatwa mfuo karibu na ncha. Uso na mgongo vinapunguzwa unene kwenye ncha hadi ubaki ulimi mwembamba unaoingia kwenye mfuo huo. Kwa kuangalia si kiungo cha kutamanisha. Uzuri wake uko kwenye mpangilio wa mashine: vipimo vitatu vyote ni namba moja. Ukiwa na mbao za milimita 12, weka upana wa mkato 6, kimo cha mkato 6, na umbali kutoka fensi (ukuta mnyoofu unaoongoza ubao mezani) hadi mkato 6. Baada ya hapo hugusi tena kitu chochote mpaka droo zote ziishe.

Laza ubavu mezani, sura ya ndani chini, ncha ikigusa fensi, pitisha: una mfuo ulio milimita 6 kutoka kwenye ncha. Simamisha uso wa droo, sura ya ndani ikiegemea fensi, pitisha: msumeno unaondoa nusu ya nje na kuacha ulimi wa milimita 6. Kisha mbao zote nne, ukingo wa chini ukigusa fensi: una mfuo wa kitako, tayari kupokea plaiwudi ya milimita 6. Mipito minane kwa pembe zote nne, minne kwa kitako. Linganisha na 68.

Jigi inayohitajika ni ya ule mpito wa pili. Ubao mwembamba uliosimama kwa ncha yake juu ya diski inayozunguka ni hatari ya wazi, na ndipo pia usahihi unapopotea kwa sababu unayumba. Tengeneza kiti cha kupanda fensi: vipande viwili vya plaiwudi vinavyoikumbatia fensi pande zote mbili bila mchezo, vikiunganishwa juu, na upande wa mbele uwe na ubao wima ulio mraba kabisa na meza. Ubao wa droo unagusa ubao huo wima, unabanwa kwa klampu, na mikono yako inashika kiti, juu kabisa, mbali na diski. Upande ambako mkato unatokea gongomea kipande cha ziada cha mbao, ili diski iishie ndani yake na isitokee hewani kuelekea kidole gumba chako. Kipande hicho pia kinazuia nyuzi kuchanika. Kikishaliwa, kibadilishe.

Unene wa kiti hicho unasogeza ubao mbali na fensi, kwa hiyo usisahau kuufidia. Mimi nimeunda kiti cha unene wa milimita 18, na nina kipande kingine cha 18 kutoka karatasi ileile ya plaiwudi ambacho nakiegemeza kwenye fensi ninapokata mbao zilizolala. Hivyo fensi haisogei. Kipande hicho ni sehemu ya jigi, nimeandika juu yake na kimetobolewa tundu la kukitundikia pamoja na kiti.

Hesabu ya urefu ni nyepesi. Upana wa nje wa boksi ukiwa 424.6, uso na mgongo vinakatwa 412.6: unatoa unene wa mbavu mbili, 24, kisha unarudisha ndimi mbili za 6. Kimo cha mkato kikiwa 6.2 badala ya 6, kila droo itapungua upana kwa milimita 0.4, lakini zote zitapungua sawasawa, na karatasi moja ngumu nyuma ya reli inamaliza shauri.

Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 12 mara nyingi haifiki 12. Jigi hii haijali sana, kwa sababu unene wa ulimi unapimwa kutoka sura ya ndani, iliyoegemea. Uso ukiwa na 11.6, ulimi unabaki 6 na ncha ya ubavu inachomoza milimita 0.4 kwa mbele. Unapitisha randa mara moja na imekwisha, tena mara nyingi uso wa urembo, ubao wa pili unaofungwa mbele ya droo, utafunika hapo. Ulimi ukibana, sogeza fensi kuelekea diski kwa unene wa karatasi. Na kwa kuwa ulimi una urefu sawa na kina cha mfuo, piga msasa ncha yake mara mbili tatu ili gundi ipate pa kukaa, la sivyo bega, ile ngazi iliyo kando ya ulimi, halitafunga.

Udhaifu wake nauelewa na nitausema wazi. Nje ya mfuo, kwenye ncha ya ubavu, inabaki mdomo wa milimita 6 tu, na kwenye ubao wa mti mzima nyuzi za mdomo huo ni fupi. Ukivuta uso wa droo kwa nguvu, ulimi unausukuma mdomo huo utoke. Kwenye plaiwudi matabaka yanapishana na mdomo unavumilia. Kwenye mti laini nimeona ukimeguka, tena wakati wa kubana klampu kabla droo haijafanya kazi hata siku moja. Kwa droo za zana nzito, au za mbao nzima laini, usitumie kiungo hiki.

Kisichosamehewa kingine ni ubao uliojikunja kama vigae. Ukilazwa mezani katikati inanyanyuka, na mfuo unakosa kina hapo. Bonyeza kwa ubao wa kusukumia wenye mpini, si kwa kiganja.

Pini

Asiye na msumeno wa meza wala ruta hajakosa njia: pini, vijiti vya mviringo vinavyoingia kwenye matundu ya mbao zote mbili. Kipande cha mbao ngumu kilichotobolewa matundu matatu kwa drili ya mezani, kikapigwa vizuizi viwili, kinatosha kuongoza drili ya mkono. Toboa matundu yapite kipande chote, ili ukikigeuza kikupe pembe ya kushoto na ya kulia kwa matundu yaleyale. Kila mara anzia ukingo wa chini wa droo. Kwa mbao za 15 tumia pini za milimita 6, na tundu liwe refu kuliko pini kwa milimita moja hivi kila upande ili gundi isizuie. Mbao ngumu nazo huliwa na biti, kwa hiyo ukitarajia zaidi ya droo chache weka ndani ya matundu vipande vya bomba la chuma.

Pini hazisamehe ncha isiyokatwa mraba. Ncha ikiinama kidogo, droo nzima inainama, na hakuna bega wala mfuo wa kuirudisha.

Skrubu za mshazari sizihesabu hapa. Zinafaa kwa fremu za kabati, lakini kwenye droo matundu yake yanaonekana au yanakaa kwenye njia ya reli.

| | Vidole | Mkia wa njiwa | Ulimi na mfuo | Pini |
|---|---|---|---|---|
| Mashine | msumeno wa meza, au ruta chini ya meza | ruta ya mkono na kitana | msumeno wa meza | drili |
| Kazi kwa pembe nne za droo moja | mikato 68 | kubana mara 4, kila mara pembe moja | mipito 8 | matundu 24 |
| Mkazo unarekebishwa kwa | kusogeza kigingi | kina cha biti | kusogeza fensi | hakuna |
| Inasamehe | unene wa mbao | upimaji mbovu | unene wa uso na mgongo | ukosefu wa mashine |
| Haisamehe | haraka, diski mpya | unene wa mbavu | ubao uliojikunja, mti laini | ncha isiyo mraba |

Uchague ipi

Kabla ya jigi yoyote, mbao za droo zote zipitishwe kwenye mashine ya unene siku moja, kwa mpangilio mmoja, pamoja na vipande vitatu vinne vya ziada vya majaribio. Vipande vya majaribio vya mbao nyingine havikwambii kitu. Hatua hii ikikosekana, ulinganisho wote huu hauna maana.

Baada ya hapo, kama unatengeneza droo za plaiwudi za kabati la jikoni au la nguo, na zitapata uso wa urembo, tengeneza kiti cha ulimi na mfuo. Utakimaliza ndani ya saa chache na utaunga droo sita kabla hujachoka. Kwa droo za mti mzima zitakazoonekana pembeni, chagua kati ya vidole na mkia kwa mashine uliyonayo na kwa hali ya mbao zako: unene ukiwa hauaminiki, vidole, ukiwa na randa ya mashine unayoiamini, mkia wa njiwa. Kwa droo za zana nzito nenda kwenye mkia wa njiwa hata kama utakugharimu wiki ya kujifunza, au vidole vyenye gundi nyingi kama ruta huna. Vidole vina sura nyingi za gundi kuliko kiungo chochote hapa, na hilo lina uzito wake, ila kumbuka kuwa gundi nyeupe inaanza kushika baada ya dakika chache na una vidole vingi vya kupaka. Paka na kukusanya pembe mbili kwanza, si nne kwa mpigo.

Kama unafanya droo mbili tu na huna mpango wa nyingine, acha jigi zote. Pini, au patasi.

Na iwe jigi yoyote, iandike kwa kalamu isiyofutika: diski au biti iliyotumika, kimo cha mkato, upande wa kusukumia ubao, mshale wa kuonyesha chini ya droo ni wapi. Kisha chukua pembe moja ya majaribio iliyokaa sawasawa, usiitie gundi, itoboe na uifunge kwa uzi kwenye jigi. Siku utakayorudi, ingiza ubao mpya kwenye pembe hiyo kabla ya kuwasha mashine. Ukigoma au ukilegea, pima diski kwanza.